Taa Isiyowaka

Soko la magari la Rustavi ni pana kuliko kijiji nilikozaliwa.
Upepo wa Machi unapita kati ya vioo,
na Badri, muuzaji, ananifuata mikono mfukoni
akilisifia gari la rangi ya fedha
kama mjomba anayemtafutia mpwawe mke.

"Limetoka Amerika, mama. Ohayo. La bibi kizee mmoja,
kanisani na kurudi."
Yote hutoka kwa bibi kizee mmoja.
Nadhani Ohayo hakuna vijana.

Lari elfu kumi na nne na mia tano.
Nimefundisha piano miaka kumi na tisa kuzipata.
Kila lari ina kidole cha mtoto
kilichokosea palepale, mara mia.

Nimekuja na Gocha, fundi, mjane wa dada yangu,
mtu wa maneno machache, asiyeamini vizee.
Anazungusha ufunguo nusu.
Dashibodi inachanua: betri, mafuta, breki, injini.
"Ipi haipo?"
Nitakijuaje kisichokuwepo?
"Yule mtu mdogo aliyekumbatia puto," anasema.
"Anatakiwa awake, kisha azime.
Akiwaka asizime, ni mgonjwa.
Asipowaka kabisa, yuko aliyemziba macho."

Badri anatazama mawingu.

Kwa bisibisi na subira
Gocha anabandua kifuniko mbele ya kiti cha abiria.
Mahali pa mfuko wa hewa pana taulo.
Taulo la hoteli, jeupe, lenye mshono wa bluu.
Limekunjwa vizuri, siwezi kusema uongo.
Aliyelikunja alifunzwa na mamaye.

Nyuma ya risiti ya petroli anaandika:
mfuko wa usukani, mia tisa;
wa abiria, elfu moja na mia tatu;
mikanda miwili, kwani nayo hukaza mara moja tu kisha basi, mia nane;
dashibodi, maana hii imeungwa kwa gundi, elfu moja na mia mbili;
kompyuta ndogo inayoamua kwamba sasa ndiyo sasa,
mia nne na hamsini.
Kazi yake hakuiandika. "Utanipikia."

Nawapigia watu wa bima.
Eteri, sauti ya asali, ananiuliza mwaka wa gari,
ananiuliza mifuko, ananyamaza, anarudi:
"Bila mifuko tutakukatia bima ya bati, dada.
Ya mbavu, hapana."

Na ni bima iliyoliua gari hili huko lilikotoka.
Walipiga hesabu kama hii ya Gocha,
wakaona kufufua ni ghali kuliko kuzika,
wakaipiga maiti mnada.
Ikavuka bahari ndani ya kontena, ikashukia Poti,
ikafufuliwa kwa taulo.

Naufikiria ule mfuko wa kwanza.
Ulikaa gizani miaka minane, umejikunja,
hauna kazi, hauna jina, haujui kama utaitwa.
Halafu siku moja, kabla ya kope kushuka,
ukampokea mtu uso kwa uso.
Kama nyuki: akishauma, amekwisha.
Chini ya kiti nimeokota kibanio cha nywele, cha zambarau,
kidogo kama cha mtoto wa darasa la pili.
Kizee gani huyo, Badri?

Hakujibu. Alikipokea, akakigeuza kiganjani,
akanirudishia.
"Elfu tisa, mia nane na hamsini," nikasema.
"Mama, unanichinja."
"Nakutolea ulichokitoa."

Sasa ni Juni. Gari liko langu, mfuko wa abiria uko njiani
kutoka Vilnius, wiki ya tisa hii.
Binti yangu Mzia anakasirika, ana miaka kumi na saba,
bado namkalisha nyuma.
Taulo sikumrudishia Badri. Nimelifua,
nimelitundika kando ya piano.
Wanafunzi hufutia mikono kabla ya kuanza,
na hakuna aliyeuliza.