Rangi ya Ubuyu

Dukani kwa Fidahussein, Mtaa wa Mchikichi,
rangi mbili nyekundu zakaa rafu moja:
ya ubuyu, na ya ukindu.
"Hii huliwa, hii hulaliwa," husema,
wala hacheki.

Shangazi Siwema, miwani imefungwa uzi,
husoma kibandiko hadi herufi ya mwisho.
Ncha ya kijiko kwa kilo mbili, haizidi.
Sukari ichemke, iliki, pilipili manga,
rangi baadaye, moto ukishashuka.

"Bila rangi haunogi?"
"Unanoga. Haununuliwi."
Aliwahi kuupika mweupe, ukadoda beseni zima;
watoto wa Magomeni waliutazama
kama uji wa mgonjwa.

Jirani yake alichukua pakiti isiyo na jina,
ya bei chee.
Sufuria lake halijatakata mpaka leo,
na vidole vilikaa vyekundu hadi Idi.

Sasa nina mwana. Akitoka shule namwambia,
toa ulimi.
Mwekundu.
Kwa nani?
Akisema kwa Bibi Siwema, namwacha amung'unye.
Akinyamaza,
namletea maji asukutue,
huku nikiutazama mkeka tulioukalia.