Wa Dhani Kadhalika

Namasagali, mwaka ule pamba ilipoanguka bei,
mimi nilikuwa mkono wa shangazi.
Yeye yumo edani, nyuma ya pazia la marekani,
miezi minne na siku kumi,
na mwanamume wa kuingia chumbani mwake ni mimi tu,
maana nilikuwa sijabaleghe, na mwandiko wangu ulisomeka.

"Andika," alisema. Nikaandika nilivyofunzwa chuoni:
*Hali yetu njema, wa dhani kadhalika*,
yaani, nawe nadhani u vivyo hivyo.
Ndivyo zianzavyo barua zote, hata ya tanzia.
*Ama baadu, nduguyo Feruzi bin Sadala amefariki Soroti
kwa homa ya mkojo mweusi, usiku wa kuamkia Jumatano.
Ngozi mia mbili na arobaini zimo ghalani Bugondo.
Zianikwe tena, zisiingiwe na wadudu.*

Nilidhani kati ya mstari na mstari yatakuja machozi.
Yalikuja majina ya wadaiwa.

Jibu la Msellem lilitoka Jinja kwa gari la moshi.
*Inna lillahi*, mstari mmoja, wino umekolea,
kisha karatasi nzima ya hesabu:
Seti Purshotam anadai marobota sita ya kaniki;
mizani kubwa ni urithi wa baba, irudishwe;
na mjane, akitoka edani, itatazamwa namna ya kumsitiri.

"Soma tena hapo."
*Kumsitiri*, nikasoma.
Akacheka kwa pua.
"Andika: Nimesitirika. Mizani haiji.
Niliinunua kwa bangili zangu za Pangani,
risiti imo ndani ya msahafu,
anayeitaka na atawadhe kwanza, ndipo aje kuifunua."

Mchana alipima pamba kwa masikio.
Mawe yakigongana barazani, ananituma:
"Mwambie Isabirye aondoe goti lake kwenye gunia."
Na kweli goti lilikuwapo.
Usiku nilimsikia akihesabu, thelathini na nane,
thelathini na tisa, nikadhani ni fedha.
Zilikuwa siku.

Ya arobaini na moja ikaja meli
iliyokuwa imenaswa na mafunjo huko Kyoga, majuma mengi,
na mfuko wa posta umelowa.
Barua moja, herufi zake zimeinama kushoto
kama watu wanaotembea kwenye upepo.
Hiyo hakunipa nimsomee. Aliishika tu.
Halafu akanipa.

*Mke wangu, hali yangu njema, wa dhani kadhalika.
Kichwa chaniuma kidogo. Okurut ananikorogea uji wa mtama,
hajui kutia chumvi.
Niarifu ngozi Jinja zauzwaje. Ninunue zaidi, ama nirudi?*

Pazia halikutikisika.
Nje, kuli mmoja alikuwa akigombana na mbuzi.
Nikasikia maji ya birika, kidogo kidogo, kisha mengi.
Aliporudi, sauti yake ilikuwa ile ile ya dukani.

"Andika."
"Kwa nani, shangazi?"
"Kwa aliyeuliza."

*Ngozi zimeshuka, na mwezi ujao zitashuka tena.
Usinunue. Chumvi iko kwenye mkoba wa ngozi, mfuko wa ndani,
nilikuwekea mwenyewe, hukutazama.
Nduguyo ataka mizani. Nimemnyima.
Rudi.*

Nikauliza anwani.
"Soroti," akasema, "chini ya lile jabali.
Okurut anapajua."

Nikabandika stempu ya senti kumi na tano
na kuiandika daftarini, upande wa matumizi,
kwa kuwa alinifunza kwamba kisichoandikwa kimeibwa.
Nilikuwa nimeshafika gatini, barua mkononi,
karani ameufungua mdomo wa gunia lake,
ndipo nikakumbuka jinsi nilivyoianza,
kwa mazoea, mkono ukitangulia mbele ya akili:
hali yetu njema,
wa dhani kadhalika.