Jasho la Kuazima

Saa kumi na moja alfajiri, Barabara ya Ishirini,
kabla mama Chiku hajawasha jiko la mihogo,
nafunga kamba za raba.
Chupa mbili: moja ya kunywa,
ya pili nimeitoboa kizibo kwa msumari wa moto.
Naam, wa moto. Tumeshasameheana, mimi na moto,
ila hatusalimiani.

Mgongo wangu ni paja langu.
Walilibandua, wakalihamishia juu, likakubali.
Semkiwa wa chumba cha mazoezi pale Bombo
alinichorea kwenye karatasi kama anayepima kiwanja:
hapa, na hapa, na mkono huu mpaka kiwiko.
"Ngozi imeshika. Imepona vizuri.
Ila haitoi jasho. Haitatoa."
Nikamwambia marehemu bibi alikuwa akituombea
riziki isiyo na jasho.
Hakucheka. Akaandika: asilimia thelathini na nane.

Basi kazi yote imewaangukia waliobaki,
paji la uso, kifua, nyayo,
wanamwagika kwa niaba ya ukoo mzima.
Mzunguko wa tatu, fulana mbele chepechepe,
nyuma kavu kama bahasha ya kaki,
na ndani ya ukavu huo joto linapapasa ukuta,
linatafuta mlango uliokuwapo mwaka juzi.

Shangazi Mwanahamisi alisema, kaa kivulini, mwanangu.
Nikakaa. Miezi kumi na minne na feni.
Nikawa siwezi kupanda ngazi za posta bila kushika ukuta,
moyo ukigonga kama mdai wa kodi.
Semkiwa akaja na kipimajoto chake:
"Kivuli nacho huua, sema hakina haraka.
Tembea. Kisha kimbia kidogo. Damu hufundishika.
Jilowanishe kabla hujahitaji.
Na ukisikia baridi juani,
simama hapohapo, hata kama ni fainali."

Maana mimi ni mshika kibendera.
Nilikuwa. Nataka kuwa tena.

Februari, Mkwakwani, saa nne asubuhi.
Mtihani wa waamuzi: mbio sita, mita arobaini,
na saa ya mkononi isiyojua habari za mtu.
Wenzangu wamelowa, fulana zimewaganda.
Kamishna akanizunguka, akanitazama mgongo.
"Wewe mbona mkavu? Unatutegea?
Hata jasho halijakutoka!"
Watu wakacheka, si kwa ubaya.
Nikakimbia ya tatu. Nikakimbia ya nne.

Ya nne ilinipokea kwa baridi.
Vipele vya kijibaridi mkononi, ule mzima,
meno yakitaka kugongana,
na jua limesimama utosini kama kawaida yake.
Kila kitu ndani yangu kikasema: bado mbili tu, Zuhura, mbili.
Nikasimama.

"Naomba dakika tano," nikasema. "Nivae jasho."

Nikapiga goti pembeni ya kibendera cha kona,
nikaigeuza chupa juu ya bega.
Maji yakatoka kwenye tundu la msumari, membamba,
yakashuka juu ya paja langu lililo mgongoni,
yakaifuata mishono kama yanaisoma.
Nikangoja. Kisha upepo ukakatiza uwanja,
mdogo, wa kawaida, usio na habari nami,
ukachukua joto, ukaenda nalo.
Hakuna aliyedai risiti.

Kamishna alikuwa amekunja daftari lake kifuani.
Aliangalia nyasi zilizolowa. Aliangalia mkono wangu.
Akaniuliza taratibu, kama aliyekanyaga mkeka kwa viatu,
maji ya kunywa ninayo?

Muda ulikuwa umepita. Kanuni ni kanuni.
Ameandika: arudie Juni.

Juni Tanga hupoa kidogo.
Nimenunua kizibo kingine,
hiki nimekitoboa matundu matatu.
Mtoto wa mama Chiku ameniuliza kwa nini naimwagilia fulana,
kwani itaota nini?
Nikamwambia subiri uone,
nikakata kona kuelekea Barabara ya Kumi na Tisa,
mgongo ukidondoka.