Hatifungani, Tawi la Tabora Mjini

Karani Mlekwa ananisomea tena:
hatifungani ya kijani, miaka mitano,
riba mara mbili kwa mwaka.
Mimi nasikia "funga", nawaza mbuzi na kamba.

Fedha yenyewe ya tumbaku.
Kila noti inanuka bani,
inanuka mininga niliyoiangusha Sikonge
kukausha majani ya watu.

"Mtaifanyia nini?"
Pampu za jua, mizinga, miche laki mbili.
"Miche ya nini?"
Anapekua. Anapekua. Haikuandikwa.

Mwandikie mkubwa wako: mtundu, mninga.
Nyuki hawasomi mkataba.

Nimebonyeza gumba kwenye wino, wino wa bluu.
Miaka mitano, mwanangu,
mninga utakuwa haujanifika gotini.
Riba leteni.
Mtaji nitakuja kuukagua msituni, kwa miguu.