Achama

Nalikwenda kwa sukari, Likoni, na kadi yangu,
Mnyazi, nesi hodari, kashika kidevu changu;
"Achama, usighairi!" Kamulika fizi zangu.
"Mguu ndio hatari, kinywa chawahusu nini?"

"Je, damu huwa yatoka, wakati wa kusugua?
Mate yako hukauka, ulimi ukaungua?
Ya bandia huyaweka majini ukiyavua?"
Aibu ikanishika, leso yangu mdomoni.

Usaha kanionyesha, kiooni, kwenye gego:
"Huu nao hupandisha sukari, japo kidogo."
Mwezi wote ushakwisha, sijatafuna mhogo!
Kwa wa meno kanivusha; feri, cheti mkononi.

Gego lilitoka, jama, nalo likenda jaani;
Nikirudi naachama, kabla ya "habari gani".