Pipa la Nili

Mwalimu Hoshino, aliyetufundisha hesabu miaka miwili,
hakuwa na Kiswahili cha kutosha riwaya.
Alikuwa na kamusi iliyovimba kwa ukungu wa Newala,
na kila Alhamisi, tukibangua korosho barazani kwa mama,
alitusimulia kitabu cha kwao, sura moja moja,
akikwama katikati ya sentensi
kama mtu anayepapasa kiatu gizani.

"Vita vimekwisha," alianza. "Wameshindwa.
Nyumba ni ya watia rangi. Rangi ni hii,"
akaonyesha sketi yangu ya shule.
Nili, akasema mama.
Nili, akaandika kiganjani.

Pipa la nili, alisema, ni kitu hai.
Hulishwa alfajiri: pumba, majivu, pombe kidogo.
Lisipolishwa hufa, na mtaa mzima hujua kwa harufu.
Yule baba alililisha hata siku za mabomu,
kisha akafa kwa homa tu,
akaacha mabinti watatu, deni, na pipa.

"Mabinti watatu!" mama akacheka.
"Na bado wanalia ukoo unakwisha?"

Sisi ukoo wetu hupitia kwa mwanamke.
Bibi Somoe alivuka Ruvuma usiku, akitoka Mueda,
vita vya Mreno nyuma yake, mama yangu mgongoni,
na katika pindo la kaniki, kokoto.
Si sufuria, si jembe. Kokoto
la kusugulia vyungu, jeusi, kubwa kama yai la kanga,
limelika ubavu mmoja
kwa vidole gumba vya wanawake nisiowajua majina.

Udongo aliufuata bondeni, akaupandisha kichwani.
Hakuwa na gurudumu. Mtungi ulikaa,
yeye ndiye aliyezunguka, ameinama,
kinyumenyume, hadi mdomo ukafunga duara.
Uwanda huu hauna kisima; kila nyumba ya mtaa wetu
ilikunywa kutoka mikononi mwake.

Halafu likaja tangi la plastiki, lita elfu,
kwa fedha za korosho za mjomba Nankoma.
Tulilipigia vigelegele. Bibi naye alipiga.
Akamwita mama: njoo nikuonyeshe kusugua.
Mama hakukataa.
Mama alisema kesho.

"Binti mdogo," akasema mwalimu, Alhamisi ya mvua,
"hakutupa pipa. Hakuuza.
Siku moja… amechelewa kuamka."

Mama akaacha kubangua.
Vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya ganda
vikabaki hewani.
"Nani alimpiga?"
"Hakuna."
"Wakubwa zake walisemaje?"
Mwalimu akafungua kamusi, akaifunga.
"Hawakusema. Kitabu ni hicho tu, mama.
Kurasa mia mbili, watu hawakusema."

Mama aliingia ndani. Tulisikia akisogeza vitu uvunguni.
Korosho zangu nilizivunja zote vipande usiku ule.

Mwezi wa tatu mkataba wake ukaisha.
Nilimbebea begi hadi stendi, nikamuuliza mwisho.
Akafikiri mpaka konda akapiga bati.
"Mwisho hauna kitu," alisema dirishani.
"Wanafua nguo. Maji yanatoka meupe."

Leo kokoto liko kwangu. Limekandamiza risiti
kwenye kibanda cha kutumia pesa, upepo wa Julai usizichukue.
Wateja huliokota, hulipima mkononi,
hulirudisha bila kujua kwa nini wamelipapasa.

Jana sikulikuta.
Nilimfuata binti yangu Shamte hadi uani kwa majirani:
wamechora duara la mdako, wasichana wanne,
na la kurusha juu ni hilo.
"Mama, hili haliumizi vidole," akasema,
akalirusha, akakomba vijiwe vitano,
akalidaka kwa ubavu ule ule uliolika.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumgombeza.
Risiti zilikuwa zinapeperuka huko kibandani.
Nikasimama pale nikihesabu naye,
sita, saba,
likamponyoka.