Zamu ya Usiku, Mabibo

Friji letu ni la nyuzi themanini chini ya sifuri
na linaogopa kitu kimoja tu: umeme wa Dar es Salaam.
Ukikatika, nahesabu. Jenereta linakohoa mara tatu
kama mgonjwa wa foleni ya asubuhi,
kisha linashika. Ndipo napumua.

Naitwa Sikudhani Pazi. Kazi yangu ni matone.
Tone dogo kuliko jasho la sisimizi
nalihamisha kijichupa hadi kijichupa, mia mbili kwa zamu.
Mama huwaambia majirani wa Tandale
kwamba mwanawe anapika dawa.
Sijamsahihisha. Upishi umo:
mashine inachemsha, inapoza, inachemsha tena,
mara thelathini na tano,
na kila mchemko kile kidogo kinazaa pacha wake,
kama deni la kikoba lisilolipwa,
hata kisichoonekana kikaonekana.

Leo nina makohozi ya mtu wa Buguruni.
Jina lake silijui, ana namba tu,
lakini kifua chake nakijua kuliko mkewe.
Saa mbili, jibu hili hapa:
dawa ya kwanza haimfai, wadudu wameshaizoea.
Zamani tungewaotesha, tukangoja wiki sita,
naye akikohoa
chumba kimoja na watoto wanne.

Nina jani la muhogo kutoka Mkuranga,
limekunjwa ndani ya gazeti la michezo.
Bichi, zuri, linadanganya;
chini mzizi una michirizi ya kahawia.
Shangazi Chausiku, mkaanga mihogo wa Manzese,
humenya, hukata, hutupa nusu, hulaani:
“Hawa wa Mkuranga wananiuzia kuni!”
Si wao, shangazi. Ni kirusi,
kiumbe kisicho na nyumba yake,
mpangaji asiyelipa kodi
anayehama na mafuta, chumvi na kitanda cha mwenyeji.

Na baba, yeye huhifadhi insulini
kwenye chungu cha mchanga ulioloa, pembeni ya mlango.
Nilimwambia imetengenezwa na bakteria
waliofundishwa kazi ya kongosho la binadamu.
“Bakteria wa wapi?”
Wa utumboni, baba.
Akacheka hadi sindano ikamtetemeka mkononi:
“Kumbe hata chooni kuna shukrani!”

Sabuni ya unga inayokula doa la mchuzi kwenye kanzu yake
sijamweleza bado. Tutafika.

Ila usiku huu, mfukoni mwa koti, nina bahasha.
Kaka yangu Shomvi aliniletea juzi:
nywele zake tatu, na kijiti cha pamba
alichokizungusha shavuni mwa Nasri, mtoto amelala.
“Nisomee tu, dada. Watu wanasema.”
Nikamwambia sheria ina mlango wake,
na mlango huo si mimi.
Akaiacha mezani, akaondoka.

Kitanda hakizai haramu, alisema bibi,
na hakuwahi kuona mashine.
Mimi nimeiona. Haisemi uongo.
Lakini kitabu chake cha herufi nne, nimekipekua sana,
hakina ukurasa wa mafuriko ya Jangwani,
maji kifuani, mtoto mabegani,
na mtu anayevuka bila kuuliza ni wa nani.

Saa kumi na mbili umeme unarudi.
Natoka getini, macho yananiwasha.
Shomvi yupo ng'ambo ya barabara, hajalala,
Nasri amemkalia shingoni, usingizi mzito,
mdomo wazi,
mate yakimchuruzika kaka kichwani,
yakishuka sikioni, yakiingia kwenye kola.

Hajifuti. Ananitazama tu.

Nikairarua bahasha.
“Sampuli zimechanganyika,” nikamwambia.
“Hazifai tena kupimwa.”